Walker si mtembezi: barua zenu kuhusu majina ya Kiingereza

Mwezi uliopita niliomba mniletee maswali ya majina, hasa yale majina ya ukoo ya kigeni tunayokutana nayo huku pwani, na mmeniletea kweli, alhamdulillahi. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko zote kwa sababu aliyeiandika ameibeba hii shida tangu utotoni na nimeona anastahili jibu lililokamilika, zile zingine nitazijibu kwa kifupi.

BARUA YA KWANZA

*Mwalimu shikamoo. Mi ni kijana wa Malindi nafanya kazi risepsheni kwenye gesti moja huku barabara ya Casuarina. Jina langu la mwisho ni Walker na mi ni Mwafrika baba na mama. Jina tumelipata kwa babu mzaa baba, yeye alihamia Malindi kutoka Kisauni na wazee wake walikuwa watu wa Frere Town. Shuleni nimechekwa sana, wengine waliniita Mtembezi, wengine wananiuliza mpaka leo kama sisi ndo wenye ile wiski. Sasa juzi kaja mgeni kutoka Leeds, kaandika jina lake kwenye kitabu cha wageni, Walker, halafu akaona beji yangu hapa kifuani, akafurahi akanishika mkono akasema basi sisi ni ndugu. Nikabaki nimeduwaa. Naomba unieleze hili jina limetoka wapi, maana yake nini hasa, na je huyo mzungu ni ndugu yangu kweli? – W., Malindi*

Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la kutembea nilitoe njiani kwanza. Walker kwenye jina la ukoo haimaanishi mtu anayetembea. Najua Kiingereza cha shuleni kinakuambia *walk* ni kutembea na ukiongeza *-er* unapata mtembezi, na ile wiski nayo imezidi kuwachanganya watu maana tangu 1908 chupa ina picha ya bwana mmoja kavaa kofia ndefu ameshika bakora anatembea kwa hatua ndefundefu. Picha ile ilibuniwa na watu wa biashara, wamechezea jina tu. John Walker mwenyewe alikuwa muuza duka wa Kilmarnock, Scotland, alifungua duka lake 1820, na jina lake asili yake ni ileile nitakayokueleza.

Walker alikuwa fundi wa nguo. Kazi yake ilikuwa kukanyaga kitambaa.

Hebu fikiria Uingereza ya miaka 800 iliyopita, nchi ya baridi na mvua, watu wanavaa sufu ya kondoo. Mfumi akimaliza kufuma, kile kitambaa kinachotoka mtamboni bado hakivaliki, nyuzi zimeachana ukikiinua juu unaona jua upande wa pili, na kina mafuta ya kondoo kinateleza na kunuka. Ndo kinapelekwa kwa Walker. Anakitia kwenye hori kubwa la mbao au shimo lililojengewa, anamwagia maji na mkojo wa binadamu uliolazwa siku nyingi mpaka ukachacha, ndio, mkojo, maana ukichacha unatoa ile hewa kali ya amonia inayokata mafuta kama sabuni, na pengine anatia udongo maalum laini unaonyonya mafuta. Halafu anakunja nguo mpaka magotini, anaingia miguu mitupu, anaanza kukanyaga. Anakanyaga, anageuza, anakanyaga, saa kwa saa. Kile kitambaa kinaanza kurudi, unajua vile sweta la sufu likifuliwa kwa maji ya moto linavyorudi likawa la mtoto, basi ndo hivohivo ila yeye anakirudisha kwa makusudi, nyuzi zinashikana zinakuwa kitu kimoja, kinakuwa kizito, kinazuia upepo na mvua. Kikitoka hapo kinaoshwa halafu kinatandazwa uwanjani kwenye kiunzi cha mbao chenye kulabu pande zote, kinavutwa kikaukie kikiwa kimenyooka.

Hiyo kazi ndiyo iliyobeba jina. Kwenye Kiingereza cha kale kulikuwa na kitenzi *wealcan*, maana yake kubingirisha, kusukasuka kitu huku na huko, na fundi wake aliitwa *wealcere*. Kwa hivo lile neno la nguo lina umri mkubwa kabisa, na hii maana ya kwenda kwa miguu ndo iliyokuja kushika nguvu baadae, ile ya nguo ikafifia kwenye mazungumzo, ikabaki imehifadhiwa ndani ya majina ya watu.

Sasa hapa ndo pananifurahisha mimi kuliko pote. Kazi hii moja ilikuwa na majina matatu kwa Kiingereza, kila upande wa nchi na neno lake. Kaskazini na katikati ya nchi, yaani Yorkshire, Lancashire, Derbyshire na majirani zao, fundi aliitwa Walker. Kusini mashariki, Sussex, Kent, na kule Suffolk na Norfolk, aliitwa Fuller, neno lililotokana na Kilatini *fullo*. Kusini magharibi, Devon, Somerset, Cornwall, aliitwa Tucker, kutoka *tucian* ambalo maana yake ni kutesa, kwamba yule fundi anakisulubu kitambaa. Watatu hao ukiwaweka pamoja wanakanyaga sufu ileile kwenye mkojo uleule, tofauti ni wamezaliwa wapi.

Watu wa Lamu hawatashangaa. Sisi twasema ndia, mtu wa Unguja anasema njia. Sisi twasema nti, yeye nchi. Lau kama zamani zile tungeanza kuwapa watu majina ya ukoo kwa pale wanapokaa, na mtu mmoja nyumba yake iko kando ya barabara, huku ukoo wake ungeitwa wa Ndiani na kule Unguja ungeitwa wa Njiani, na leo baada ya miaka mia saba ukikutana na mjukuu wao Dubai ungesikia jina tu ukajua babu alitia nanga wapi. Kwa Waingereza ndivyo ilivyotokea.

Na si maneno matupu, inaonekana kwenye ramani. Sensa yao ya 1881 imenakiliwa yote jina kwa jina, na watafiti wameichora kaunti kwa kaunti. Ukiangalia ramani ya Walker unaona rangi imekolea kaskazini, hasa ile sehemu ya magharibi ya Yorkshire wanayoiita West Riding, penye Leeds, Huddersfield, Halifax na Wakefield, miji iliyoishi kwa sufu karne nyingi. Ukiangalia Tucker, rangi yote imemwagika Devon na majirani zake. Fuller imekaa Sussex, Kent na Suffolk. Miaka mia tano ilikuwa imepita tangu majina yashike, reli zilishajengwa, viwanda vilishahamisha watu kwa maelfu, na bado yale maneno ya kienyeji ya karne ya 13 yanaonekana pale pale yalipozaliwa kama doa la mafuta kwenye kanzu. Kwa hivo yule mgeni wako kutoka Leeds, mwanangu, ametoka katikati kabisa ya nchi ya Walker. Angekuwa mtu wa Exeter ungestaajabu, maana kule mafundi walikuwa Tucker na mpaka leo mjini Exeter lipo jumba la chama cha wafumi na mafundi hawa, lilijengwa 1471 na linaitwa Tuckers Hall.

Kuna na ushahidi mwingine mzuri. Miaka ya 1380 wafuasi wa John Wycliffe walipotafsiri Biblia kwa Kiingereza walifika kwenye Marko 9:3, pale nguo za Yesu zinapong'aa weupe ambao hakuna fundi duniani anayeweza kuufikia. Mmoja wao aliona neno moja halitoshi akaandika *fullere*, halafu akaongeza palepale, *or walkere of cloth*. Naona alitaka msomaji wa kusini aelewe na wa kaskazini aelewe. Kwenye Biblia ya Kiswahili mstari huohuo neno lililowekwa ni dobi. Dobi ndo jirani yetu wa karibu wa Walker, ingawa Walker alifanya zaidi ya kufua.

Scotland nako wamo wengi. Waskoti, kama wenzao wa kaskazini ya Uingereza, walitumia neno la *walk*, na wale waliokuwa wakisema Kigaeli walikuwa na jina lao Mac an Fhucadair, mwana wa mkanyaga nguo, ambalo baadae wengine walilitafsiri wakajiandikisha Walker. Na kule visiwani kwao kazi yenyewe walifanya wanawake, wanakaa kwenye meza ndefu wanapiga kitambaa kilicholowa kwa mikono huku wakiimba pamoja, na nyimbo zile ziliendelea mpaka karne ya 20. Pia upo mtaa unaitwa Walker huko Newcastle, asili yake ni mahali penye tope karibu na ule ukuta wa Warumi, kwa hivo wachache huenda jina lao ni la mahali na si la kazi.

Kabla sijasahau, hayo majina yalishikaje? Mpaka Wanormandi walipoivamia Uingereza 1066 Mwingereza wa kawaida alikuwa na jina moja tu. Watu wakiwa wachache linatosha, lakini kijiji kikiwa na akina John kumi na watano karani wa kodi anapata taabu, anaandika John mkanyaga nguo, John wa mlimani, John mwana wa Richard, John mwekundu. Mwanzoni jina lilikuwa la mtu mwenyewe, akifa limekufa. Polepole likaanza kurithiwa, na mpaka kufika kama 1400 familia nyingi za Uingereza zilishakuwa na jina la kudumu. Kodi ilichangia sana. Kodi ya kichwa tuliyoijua sisi kwa wakoloni wao waliipata mapema, 1377 kila mtu aliyezidi miaka 14 alilipa peni 4, ikaja nyingine 1379, na ile ya 1381 ndo iliyowasha uasi wa wakulima. Zile orodha za 1379 za West Riding zimehifadhika vizuri, majina na kazi, ni hazina kwa wanaofuatilia mambo haya.

Na wakati huohuo kazi yenyewe ilishaanza kubadilika. Kuanzia karne ya 12 kilikuja kinu cha maji, gurudumu linazungushwa na mto linainua nyundo nzito za mbao zinaanguka juu ya kitambaa, paa, paa, mchana kutwa. Watawa wapiganaji wa Templar walikuwa na vinu hivyo 1185, kimoja Gloucestershire na kimoja Yorkshire. Miguu ikapumzika, jina likaendelea.

Sasa swali lako la undugu. Nitakujibu kwa ukweli bila kukupaka mafuta. Kwa damu, hapana, na hata Walker wa Leeds na Walker wa Nottingham wao kwa wao mara nyingi si ndugu, maana kila kijiji kilichofuma kilikuwa na mkanyaga nguo wake, kwa hivo jina lilizaliwa mara mamia mahali mbalimbali. Hii imepimwa kwa DNA. Ile kromosomu Y baba anampa mwana wa kiume vilevile kama jina. Mwaka 2000 profesa Bryan Sykes wa Oxford alipima wanaume 48 wanaoitwa Sykes kama yeye, jina la Yorkshire lenye maana ya kijito, akakuta 21 kati yao wana alama ileile, dalili kwamba jina lile huenda lilianza na mtu mmoja. Lakini watafiti wa Leicester, Turi King na Mark Jobling, walipopima majina mengi zaidi mwaka 2009 wakakuta majina adimu kama Attenborough wenyewe kweli wanakaribiana sana, ila akina Smith, yaani wahunzi, hawakaribiani kuliko watu wowote waliookotwa njiani. Walker yuko upande wa Smith. Jina la kazi, jina la kila kijiji.

Na wewe jina lako limepitia mlango mwingine tena. Frere Town ilianzishwa na wamisheni wa CMS, chama cha misheni cha Kianglikana, hapo Kisauni 1875, manowari za Kiingereza zikikamata majahazi ya watumwa baharini waliokombolewa waliteremshwa pale. Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua, watu waliochukuliwa wakiwa watoto, wengine hawakumbuki hata kijiji. Wakabatizwa wakapewa majina ya Kiingereza. Na kabla yao walikuwepo wale wa Nasik, India, waliokombolewa wakasomeshwa huko halafu wakarudishwa pwani kwetu, kama William Jones aliyekuwa kasisi, na kama Jacob Wainwright, Myao, ambaye Livingstone alipofariki 1873 ndiye aliyechonga maandishi kwenye mti, na akaenda na maiti mpaka London akawa miongoni mwa waliobeba jeneza Westminster Abbey, Aprili 1874. Wainwright ni fundi wa kuunda magari ya kukokotwa. Jacob hakuwa na babu muunda magari, na ukoo wako haukukanyaga sufu Yorkshire, lakini majina yote mawili sasa ni ya Afrika Mashariki kama vile ni ya Uingereza, yameshazikwa na kuzaliwa hapa vizazi vinne vitano.

Marekani ni hivohivo. Madam C. J. Walker, binti wa watu waliokuwa watumwa, alizaliwa 1867 Louisiana akaitwa Sarah Breedlove, jina la Walker alilipata kwa mume, akalipandisha juu kwa biashara yake ya mafuta ya nywele mpaka leo wengi wakisikia Walker wanamkumbuka yeye kwanza.

Kwa hivo yule mgeni akirudi mwambie we ni Walker wa Frere Town na yeye ni Walker wa kukanyaga sufu, halafu muulize kama alijua habari za mkojo. Wengi wao hawajui.

BARUA YA PILI

*Assalaam aleikum Mwalimu. Nina gesti yangu ndogo Shela. Naona mabibi wa Kiingereza wengi paspoti ina jina la mume, wengine wana majina mawili yameunganishwa na kistari. Hapa kwetu mwanamke ni binti wa babake mpaka kaburini. Sasa wao wakitaka kujua ukoo wa bibi yao wanafanyaje? – Mama Gesti, Shela*

Waaleikum salaam dada yangu. Umegusa panapouma kwa watafiti wa koo za Kiingereza, wao wenyewe wanalalamika. Mwanamke akiolewa jina la babake linatoweka kwenye karatasi zote zinazofuata, sensa inamwandika kwa jina la mume, kaburi linamwandika kwa jina la mume. Ramani zote nilizozitaja hapo juu zinafuata jina la kiumeni tu, nusu ya watu wamefichwa ndani yake. Mtu anaweza kujivunia kuwa Fuller wa Sussex kumbe mabibi zake wote walikuwa Tucker wa Devon.

Njia wanayotumia ni daftari za ndoa. Kuanzia 1538, kwa amri ya Thomas Cromwell waziri wa mfalme Henry wa nane, kila parokia ilitakiwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko, na kwenye ndoa bibi arusi anaandikwa na jina alilotoka nalo kwao. Tangu Julai 1837 serikali yenyewe ikaanza kuandikisha, na cheti cha ndoa kikawa na jina la baba wa bibi arusi. Hapo ndo wanapodaka uzi. Kwa kweli mi nauona utaratibu wetu wa binti fulani ni bora zaidi kwa jambo hili, ukisoma jina la bibi wa Kiamu unaweza kupanda ngazi kwa babake na babu yake bila kufungua daftari lolote.

Kile kistari mara nyingi ni kwa familia zilizotaka jina la upande wa mke lisipotee, hasa kama kulikuwa na mali ya kurithi, na siku hizi ni mapenzi ya watu tu.

BARUA YA TATU

*Mwalimu, mi sipendi kukupinga ila kwanini tushughulike na majina haya? Watoto waliibwa makwao, wakapoteza majina ya wazazi, halafu wakabandikwa majina ya kizungu, na sasa tunakaa kuyatafutia historia nzuri. Mi naona wangeyatupa. – Mstaafu, Malindi*

Mzee wangu, hukunipinga, umenikumbusha. Ni kweli jina la mtoto lilikwenda na mtumbwi na hasara hiyo haina fidia. Sina maneno ya kuipamba.

Ila mtazame Ajayi, mtoto wa Kiyoruba aliyekamatwa akauzwa, akakombolewa na manowari ya Kiingereza 1822, akabatizwa Sierra Leone 1825 kwa jina la kasisi mmoja wa London, Samuel Crowther. Crowther nalo ni jina la kazi na ni la huko huko West Riding, mpiga *crowd*, ala ya nyuzi ya zamani, tuseme mpiga zeze. Alilibeba jina hilo mpaka akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kianglikana, 1864, na Ajayi hakuliacha, ndo maana leo anaitwa Samuel Ajayi Crowther. Huyo bado alikumbuka jina la kwao. Wengi wa Frere Town walikuwa wadogo mno, na wajukuu zao wakilitupa hili la kizungu hawana la zamani la kurudia, lile daftari la ubatizo ndo kamba ya mwisho iliyobaki mkononi. Ukiikata, hata ule mwaka ambao babu aliteremshwa pwani hutaupata.

Ndo maana kwa W. wa Malindi na wenzake nawashauri wasitupe kitu. Anzeni na daftari za kanisa walikobatizwa wazee, muombe kwa heshima, mwende na majina na miaka mliyonayo hata kama ni ya kukisia. Halafu kuna Nyaraka za Taifa Nairobi. Na barua na ripoti za CMS zenyewe zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, humo wamisheni waliandika habari za mara kwa mara kutoka Frere Town. Mkiwa na wazee waliobaki, wakalisheni leo mrekodi kwa simu, msingoje Krismasi. Na mzee wangu, kama na wewe una jamaa Kisauni mwenye daftari au picha za zamani, tafadhali mwambie asizichome.

Niongeze jambo moja linalonisikitisha. Hata Waingereza wenye serikali na makabati yao wamepoteza. Sensa yao ya 1931 iliungua yote kwenye moto wa 1942, na mwaka 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita, kwa hivo ile ya 1921 iliyofunguliwa kwa umma Januari 2022 baada ya miaka 100 ndo ya mwisho watakayoisoma kwa muda mrefu sana.

BARUA YA NNE

*Mwalimu, mimi ni fundi wa majahazi Matondoni. Nauliza, Waingereza wana jina la ukoo la fundi wa vyombo kama sisi? Maana Smith nimeambiwa ni mhunzi. – Fundi, Matondoni*

Fundi salaam. Wanalo. Kwa Kiingereza cha kale fundi wa kuunda kitu, hasa cha mbao, ni *wyrhta*, ndo hili Wright la leo, wale ndugu wawili wa Marekani walioruka na ndege 1903 jina lao ni Fundi tu. Mbele yake wanaweka kile kinachoundwa. Wainwright nishamtaja. Cartwright ni wa mikokoteni. Wheelwright ni wa magurudumu. Na Boatwright, ambalo utalikuta zaidi upande wa mashariki, Suffolk na huko, ni muunda mashua.

Lililonikaa moyoni lakini ni Arkwright. *Ark* hapa ni sanduku kubwa la mbao la kuwekea unga na nafaka, kwa hivo Arkwright ni fundi wa makasha, na jina lina makao yake Lancashire. Maarufu wao ni Richard Arkwright wa Preston, aliyezaliwa 1732, kinyozi aliyekuja kupata hati ya mtambo wa kusokota nyuzi za pamba kwa nguvu ya maji 1769, na vinu vyake vikasaidia kuijaza dunia nguo za pamba za bei rahisi. Nguo hizohizo zilizofika mpaka bandari zetu. Nasi huku tulikuwa wafumi wa pamba kabla yao, Shanga kisiwani Pate wamechimbua vile vigurudumu vya udongo vya kusokotea nyuzi, na hariri ya Pate Wareno wenyewe waliisifu.

Basi wewe hapo Matondoni karani wa kodi wa 1379 angekuandika Boatwright, na yule jirani yako anayechonga makasha ya arusi, nyuma ya msikiti, angemwandika Arkwright.